Kompaila mpya ikigoma kwenye mfumo wa zamani

Kuna mashine ambazo watu huzipita kwa kunyata. Niliyorithi mimi ni ya CentOS 6, mfumo wa Linux: kerneli (kiini cha mfumo) 2.6.32, glibc (maktaba ya C ya mfumo) 2.12, GCC (kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa binari) 4.4.7. Msaada wake ulikoma tarehe 30 Novemba 2020, lakini kadi inayosoma vipimo vya mtambo ina dreva iliyokuja kama binari tupu, na dreva hiyo haitaki kerneli nyingine. Basi mashine haihami. Ila programu zinazokaa juu yake huandikwa upya kila mara, na wanaoziandika wanataka C++17, toleo la 2017 la lugha ya C++. Inabidi kompaila ndiyo iifuate mashine ilipo.

Ujumbe wa hitilafu katika kazi hii huja kwa jina la GCC, lakini mara nyingi mkosaji ni jirani yake: asembla (inayoandika maagizo ya prosesa), linka (inayounganisha vipande kuwa programu), heda (mafaili ya matangazo) za glibc, RAM, hata saa ya mashine. Kabla ya kugusa kitu chochote, andika matoleo ya majirani wote na uyaweke karibu:

```
uname -r
ldd --version | head -1
gcc --version | head -1
as --version | head -1
ld --version | head -1
make --version | head -1
```

Mifano yangu yote ni ya mashine hiyo ya x86_64. Ukiwa na mfumo mwingine mkongwe wa Linux, badilisha namba tu. Dalili ni zilezile.

## Chanzo hakishuki kutoka mtandaoni

Ukiona `certificate has expired` ilhali tovuti inafunguka vizuri kwenye simu yako, tatizo ni vyeti vya mizizi vya mashine. Cheti kiitwacho DST Root CA X3 kiliisha muda tarehe 30 Septemba 2021, na OpenSSL za matoleo ya 1.0 hujikwaa hapo hata pale penye njia nyingine halali ya uthibitisho. Usipoteze siku nzima hapa. Shusha mafaili kwenye mashine mpya, hakiki saini au jumla ya SHA, kisha yahamishe kwa `scp` au diski. Kama `yum` nayo haipati kitu, ielekeze vault.centos.org, ndiko vifurushi vya zamani vilikohamishiwa.

## `A compiler with support for C++11 language features is required`

Hapa mkosaji kweli ni kompaila, ile ya zamani. Hadi GCC 4.7, kompaila ya C89 ilitosha kuijenga GCC. Kuanzia 4.8 ikadai C++98, kuanzia 11 ikadai C++11, na 15 inadai C++14. Mtu aliye na 4.4.7 hawezi kuruka moja kwa moja hadi 13. Anahitaji ngazi, na kipandio cha kati kinachofaa ni 10.5, toleo la mwisho katika mfululizo wa mwisho unaoridhika na C++98. Ukishafika 10.5, matoleo yote yaliyofuata hadi 15 yanakubali kujengwa nayo kwa upande wa lugha.

```
tar xf gcc-10.5.0.tar.gz
cd gcc-10.5.0 && ./contrib/download_prerequisites && cd ..
mkdir jenga && cd jenga
../gcc-10.5.0/configure --prefix=/opt/gcc-10.5 \
  --enable-languages=c,c++ --disable-multilib --disable-libsanitizer
make -j2 && make install
```

Kila kipandio kikae kwenye folda yake chini ya `/opt`, wala kisifutwe. Siku ukihitaji kujenga upya utashukuru. Jenga nje ya folda ya chanzo kama hapo juu. Ukijengea ndani utapata hitilafu za ajabu ambazo hakuna atakayekusaidia kuzielewa.

Wengi hushauri kuweka `--disable-bootstrap`, yaani GCC ijijenge mara moja tu badala ya tatu, kwenye kipandio cha kati ili kuokoa muda. Mimi sikubaliani. GCC 10.5 iliyokompailiwa na 4.4.7 ndiyo ninayoishuku kuliko zote, kwa hiyo hapo naiacha ijijenge mara tatu kama ilivyokusudiwa. Kama lazima uokoe muda, okoa kwenye kipandio cha pili, kwa kuwa hicho kinajengwa na kompaila iliyokwisha kujihakiki.

## `cannot compute suffix of object files: cannot compile`

Huu ujumbe umewachosha watu wengi kuliko mwingine wowote ninaoujua, maana hausemi chochote cha kweli. Hutokea kompaila ya hatua ya kwanza ikiwa tayari imejengwa, wakati hati ya `configure` ya libgcc, maktaba ndogo ya kompaila yenyewe, inapoijaribu kwa mara ya kwanza. Kuhusu kiambishi cha faili, sahau. Maana yake ni kwamba kompaila mpya imewashwa ikafa.

Fungua `config.log`, lakini si ile ya folda ya juu. Unayoitaka iko ndani kabisa, kwenye `jenga/x86_64-pc-linux-gnu/libgcc/config.log`. Tafuta mstari wa kwanza wenye neno `error`. Mara nyingi utakuta hivi:

```
cc1: error while loading shared libraries: libmpc.so.3:
cannot open shared object file
```

Yaani ulijenga GMP, MPFR na MPC, maktaba za hesabu ambazo GCC inazitegemea, mwenyewe ukaziweka mahali kama `/opt/mat`, ukaitajia GCC kwa `--with-gmp` na wenzake. Linka ilizipata wakati wa kujenga, lakini wakati wa kuendesha, mfumo haujui pa kuzitafuta. Wapo wanaotibu kwa `LD_LIBRARY_PATH`. Inafanya kazi leo, halafu kesho mtu mwingine anaingia bila kigeu hicho na kompaila inakufa mikononi mwake. Tiba ninayoipenda ni ile amri ya `download_prerequisites`: maktaba hizo zinaingia ndani ya chanzo cha GCC, zinajengwa pamoja nayo na kuunganishwa moja kwa moja kwenye binari, mchezo unaisha. Kama mashine haina mtandao, endesha amri hiyo kwenye mashine mpya kisha hamisha folda nzima.

Kama `config.log` inataja asembla badala ya maktaba, ruka hadi sehemu ya asembla. Kama inataja heda, huenda ni hii ifuatayo.

## `gnu/stubs-32.h: No such file or directory`

GCC inataka kujenga maktaba za biti 32 nawe huna heda za glibc za biti 32. Weka `--disable-multilib`. Kama kweli unahitaji biti 32, sakinisha `glibc-devel.i686`.

## `LIBRARY_PATH shouldn't contain the current directory`

Kuna alama ya nukta pacha iliyobaki mwanzoni au mwishoni mwa kigeu hicho, na nafasi tupu pale inahesabiwa kuwa folda uliyomo. Kwa ujumla, kabla ya kuanza:

```
unset LIBRARY_PATH CPATH C_INCLUDE_PATH CPLUS_INCLUDE_PATH LD_LIBRARY_PATH
```

Vigeu hivi vikibaki, kompaila mpya huchukua heda za ile ya zamani kimyakimya, na matokeo hayana mfano.

## `Error: no such instruction`

Soma vizuri: mstari huo unaandikwa na asembla. Kompaila mpya imetoa maagizo ya prosesa mpya, na binutils 2.20 (kifurushi chenye asembla na linka) iliyokuja na CentOS 6 haijawahi kuyasikia. Hutokea hasa ukitumia `-march=native` (tumia maagizo yote ya prosesa hii) kwenye mashine yenye prosesa changa kuliko mfumo wake. Ukitaka kujua ni asembla ipi inayoitwa:

```
/opt/gcc-10.5/bin/gcc -print-prog-name=as
```

Jibu likiwa `as` tupu, inachukuliwa iliyo kwenye `PATH`. Jenga binutils mpya zaidi ndani ya `--prefix` ileile ya kompaila, au itaje kwa `--with-as` na `--with-ld`. Kwenye binutils za kuanzia 2.39 ongeza `--disable-gprofng`, kwani sehemu hiyo inataka bison ambayo mfumo wako hauna.

Jambo linalosahaulika ni kwamba GCC huichunguza asembla mara moja tu, wakati wa `configure`, na majibu yake yanabaki ndani ya kompaila milele. Ukibadilisha binutils baada ya kujenga GCC, GCC bado inaamini iko na ile ya zamani. Kwa hiyo binutils kwanza, GCC baadaye. Ukikosea mpangilio, futa folda ya `jenga` na uanze upya. Usijaribu kuendelea pale ulipokomea.

## `Killed signal terminated program cc1plus`, na ndugu zake

Kerneli imeua mchakato kwa kukosa RAM, `dmesg` itathibitisha. Punguza `-j`, ongeza swapu. Mafaili yanayozalishwa wakati wa ujenzi, yale yanayoanza na `insn-`, ni makubwa na hula RAM nyingi peke yake. `No space left on device` huku diski ina nafasi, angalia `/tmp`, kisha elekeza `TMPDIR` kwingine.

`internal compiler error: Segmentation fault` ni kesi nyingine. Endesha `make` tena bila kubadilisha chochote. Ikifia kwenye faili lilelile, una dosari ya kweli, pengine kompaila ya zamani imekosea kukompaili. Ikifia kwingine kila mara, au GCC yenyewe ikiandika `The bug is not reproducible, so it is likely a hardware or OS problem`, iamini. Zima mashine, pima RAM usiku kucha. Ujenzi wa kompaila ni mtihani mkali wa RAM kuliko kazi ya kawaida ya mashine. Nilipata kijiti kibovu cha RAM kwenye seva ambayo kila mtu aliapa kuwa nzima.

## `Bootstrap comparison failure!`

GCC hujijenga mara tatu. Hatua ya kwanza inajengwa na kompaila ya zamani, ya pili na hatua ya kwanza, ya tatu na ya pili. Mafaili ya hatua ya pili na ya tatu yanapaswa kufanana baiti kwa baiti, kwa sababu yametoka kwenye chanzo kimoja kupitia kompaila zinazopaswa kuwa na tabia moja. Yakitofautiana, kuna mahali kompaila imekosewa.

Chini ya ujumbe kuna orodha ya mafaili. Ihifadhi, futa `jenga`, jenga tena. Orodha ikibadilika, rudi kwenye RAM. Orodha ikiwa ileile, shuku kompaila ya kuanzia: kwa kawaida hatua ya kwanza hujengwa bila uboreshaji, lakini kama uliiongezea `-O2`, ijenge tena kwa `make STAGE1_CFLAGS="-O0"`. Ikipita, umethibitisha kuwa uboreshaji wa kompaila ya zamani ndio unaoharibu, na kompaila utakayopata ni salama, kwani hatua ya mwisho haikuguswa na ile ya zamani. Nimeona watu wakiongeza bendera (chaguo la amri) ya kuruka ulinganisho ili wamalize siku. Wamemaliza siku, ndiyo.

## `aclocal-1.15 is missing on your system`, au `Clock skew detected`

Huhitaji aclocal. Mihuri ya muda imechafuka, `make` inadhani hati za ujenzi zimepitwa. Ukichukua chanzo kutoka git, endesha `contrib/gcc_update --touch`. Ukichukua faili lililofungashwa, kagua saa: betri ya ubao mama ikifa, mashine huamka ikiamini iko miaka mingi nyuma, na kila faili linaonekana limeandikwa kesho.

## Inafia ndani ya `libsanitizer`

Zima kwa `--disable-libsanitizer`. Sehemu hii, ambayo hupima makosa ya kumbukumbu programu inapoendeshwa, inagusa miundo ya ndani ya kerneli na glibc, na waandishi wake hawajaribu mifumo ya umri huu. Wanaotaka vipimo hivyo wavifanye kwenye mashine mpya.

## Imejengwa vizuri, lakini programu haiwaki

Hapa ndipo wengi wanapochanganya majina mawili yanayofanana:

```
version `GLIBCXX_3.4.32' not found
version `GLIBC_2.14' not found
```

La kwanza ni libstdc++, mali ya kompaila. La pili ni glibc, mali ya mfumo. Tiba zake hazifanani hata kidogo.

Kwa `GLIBCXX`: CentOS 6 ina libstdc++ inayoishia 3.4.13, CentOS 7 inaishia 3.4.19, wakati GCC 5 inaleta 3.4.21 na GCC 10 inaleta 3.4.28. Programu imekompailiwa na kompaila mpya lakini inapowaka inachukua maktaba ya zamani kutoka `/usr/lib64`. Ielekeze wakati wa kuunganisha:

```
g++ -o kipimo kipimo.cc -Wl,-rpath,/opt/gcc-10.5/lib64
```

Au iunganishe yote ndani kwa `-static-libstdc++ -static-libgcc`. Njia hii ya pili ni nzuri kwa programu moja inayosimama peke yake. Ikiwa una maktaba za `.so` kadhaa zinazorushiana ukiukaji, yaani `throw` huku na `catch` kule, tumia rpath, ile njia ya kwanza inayoandika ndani ya programu pa kutafuta maktaba.

Kwa `GLIBC`: programu ilijengwa kwenye mashine mpya kuliko hii. Mfano wa 2.14 karibu kila mara ni `memcpy`, iliyopewa toleo jipya hapo. Tangu 2.34 hali ni ngumu zaidi, kwa sababu hata `__libc_start_main` ina toleo jipya, na kila programu huianzia hapo. Tazama nani anadai nini:

```
objdump -T kipimo | grep GLIBC_
```

Tiba ni kujenga hapa hapa kwenye mfumo wa zamani, au kwenye mashine mpya kwa `--sysroot` yenye heda na maktaba za huu wa zamani. Binari iliyojengwa kwenye glibc kuukuu huwaka kwenye mpya. Kinyume chake hapana.

Kitu ambacho hakifanywi ni kubadilisha glibc ya mfumo kwa mkono. Nilifanya hivyo mara moja, nikageuza kiungo cha `libc.so.6`, na sekunde hiyohiyo `ls`, `cp` na `ln` zote zikafa. Kilichoniokoa ni kwamba dirisha la terminali lilikuwa bado wazi, na `/sbin/sln`, ambayo imeunganishwa bila kutegemea maktaba yoyote, ikanirudishia kiungo. Ningelifunga dirisha lile, ningekuwa na safari ya kwenda kwenye mashine nikiwa na diski ya uokoaji.

`FATAL: kernel too old` nayo inajieleza: glibc iliyomo ndani ya programu inadai kerneli mpya. Glibc 2.26 inadai 3.2. Hakuna bendera ya kuikwepa.

## `undefined reference` yenye `std::__cxx11::basic_string`

Una maktaba ya zamani ya binari iliyojengwa kabla ya GCC 5. Toleo hilo lilibadilisha umbo la `std::string` na `std::list`, na linka inaona ni aina mbili tofauti. Kompaili msimbo wako wote kwa `-D_GLIBCXX_USE_CXX11_ABI=0`. Wote, si faili moja. Ukichanganya utahamisha tatizo mahali pengine tu.

## Msimbo wa zamani unakataliwa na kompaila mpya

`multiple definition of` kwa kigeu kilichotangazwa kwenye heda bila `extern`: GCC 10 iliacha kuvumilia. `-fcommon` inarudisha uvumilivu.

`implicit declaration of function`: tangu GCC 14 ni kosa, si onyo. `-fpermissive` sasa inakubalika kwenye C na hulishusha kuwa onyo. Lakini hapa nakusihi usiwe na haraka. Kitendakazi kisichotangazwa huchukuliwa kuwa kinarudisha `int` ya biti 32. Kikirudisha kielekezi kwenye mashine ya biti 64, nusu ya anwani inakatwa, na programu inaanguka mbali na pale. Kuongeza `#include` moja ni rahisi kuliko kuitafuta dosari hiyo.

GCC 15 inaichukulia C kuwa `gnu23`: `bool` ni neno la lugha, na mabano matupu `()` yanamaanisha hakuna hoja. Msimbo uliojitengenezea `typedef int bool` unavunjika. `-std=gnu17` inatosha.

Unakompailika lakini unaanguka kwenye `-O2` pekee? Jaribu moja moja: `-fno-strict-aliasing`, `-fwrapv`, kisha `-fno-delete-null-pointer-checks`. Hiyo ya tatu inahusu msimbo wa C++ unaouliza `if (this)`. Tangu GCC 6 kompaila inaamini `this` haiwezi kuwa tupu na inaufuta ukaguzi huo. Itakayotibu ndiyo inayokuonyesha aina ya kosa la kutafuta.

Na kama gdb (kitafuta dosari) ya mfumo inalalamika `Dwarf Error: wrong version in compilation unit header`, ni kwa sababu GCC 11 na zinazofuata hutoa DWARF 5, muundo mpya wa taarifa za kutafutia dosari. Kompaili kwa `-gdwarf-4`, au jenga gdb mpya.

## Ilikuwa inafanya kazi mwezi uliopita

Wakati wa kusakinishwa, GCC hunakili baadhi ya heda za mfumo, huzirekebisha na kuziweka kwenye folda yake iitwayo `include-fixed`. Mtu akisasisha vifurushi vya heda baadaye, nakala zile zinabaki za kale na zinasomwa kwanza. Dalili ni aina zinazogongana ndani ya heda ambazo hujazigusa. Endesha hati ya `mkheaders` iliyo chini ya `libexec/gcc` ya kompaila hiyo, ndani ya `install-tools`.

## Kompaila nyingine, na mwisho wa barabara

Clang mpya inahitaji GCC mpya kwanza, pamoja na CMake na Python 3 za karibuni, kwa hiyo ngazi ni ileile, ndefu kidogo. Rust kuanzia 1.64 inadai glibc 2.17 na kerneli 3.2, kwenye CentOS 6 unaishia 1.63. Go haitegemei glibc kwa kiasi hicho, lakini 1.24 nayo inadai kerneli 3.2, kwa hiyo 1.23 ndiyo ya mwisho. Kuijenga kwa chanzo ni ngazi nyingine: 1.4 iliyoandikwa kwa C, kisha 1.17, 1.20, na kuendelea.

Ukichoka na mashine yenyewe, unaweza kujengea kwenye kontena la CentOS 6 juu ya mashine mpya. Usishangae kontena likifa papo hapo kwa msimbo wa kutoka 139, kabla hata `bash` haijatokea. Glibc za kabla ya 2.14 hutumia ukurasa wa `vsyscall` (njia ya kale ya kuiita kerneli), ambao kerneli nyingi za sasa zimeufunga. Ongeza `vsyscall=emulate` kwenye mstari wa kuwashia kerneli ya mashine mwenyeji, iwashe upya, na kontena litaamka.